Tagi za Tovuti na Sitara ya Watu: Jinsi ya Kutumia Google Tag Manager bila Kujuta



Leo naomba radhi niweke siasa kando. Nataka kueleza jambo la kitaalamu ambalo wengi wenye biashara, vikundi na vyama hapa pwani mnalo ndani ya tovuti zenu bila kulijua. Na nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana mficha uchi hazai.

Mimi nina stashahada ya teknolojia ya habari, na mtaani kwetu hiyo yatosha kukufanya fundi wa kila kitu chenye waya. Kikundi chetu kilipoamua kuwa na tovuti ya kupokea maombi ya watu wanaohitaji msaada wa gharama za hospitali, kazi ilinijia mimi. Nikatengeneza fomu: jina, nambari ya simu, ugonjwa, kiasi kinachohitajika. Halafu, ili wanakikundi wajue ni watu wangapi wanafika kwenye tovuti, nikaweka Google Tag Manager, na ndani yake tagi tatu: moja ya kuhesabu wageni, mbili za matangazo.

Baada ya miezi kadhaa nikafungua ripoti ya kurasa zilizotembelewa. Badala ya kuona majina ya kurasa, nikaona majina ya watu. Majina, nambari za simu, na ugonjwa wa kila mmoja, vimepangwa mstari baada ya mstari. Fomu yangu ilikuwa ikibandika majibu kwenye anwani ya ukurasa wa shukrani, na kila tagi inaposoma ukurasa huo hubeba anwani yake nzima na kuipeleka kwa mwenye tagi. Nilimpigia mwenyekiti wetu, mzee wa makamo ya baba yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, ni nani mwengine ameyaona haya?"

Sikuwa na jibu. Makala haya ni jibu ambalo ningelipaswa kuwa nalo siku ile.

Tagi ni kitu gani?

Tagi ni kipande kidogo cha msimbo kinachowekwa kwenye ukurasa wa tovuti ili kifanye kazi ya mtu mwengine. Kampuni ya takwimu inakupa tagi yake ihesabu wageni wako. Mtandao wa kijamii unakupa tagi yake ujue kama tangazo ulilolipia limeleta mnunuzi. Ukurasa unapofunguka kwenye simu ya mgeni, tagi inaamka, inakusanya habari fulani, na kuzipeleka kwenye seva ya mwenyewe, mara nyingi nje ya nchi.

Zamani kila tagi ilibandikwa kwa mkono ndani ya msimbo wa tovuti. Ukitaka kuongeza moja, unamwita fundi. Ukitaka kuiondoa, unamwita tena, na kama amesafiri, tagi inabaki pale ikifanya kazi ambayo hakuna anayeikumbuka. Mfumo wa kusimamia tagi ulikuja kuondoa adha hiyo. Unabandika msimbo mmoja tu kwenye tovuti, na mengine yote unayapanga kutoka ukurasa wa usimamizi kupitia kivinjari.

Google Tag Manager ilizinduliwa Oktoba 2012 na haina malipo kwa matumizi ya kawaida. Si peke yake. Iko Tealium, iko ya Adobe, na iko Matomo ambayo unaweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe. Lakini ile ya Google ndiyo nimeitumia zaidi, kwa hiyo ndiyo nitakayoieleza.

Kontena, kichochezi na kigeu

Sisi watu wa Mombasa hatuhitaji kufunzwa kontena ni nini. Ndani ya Google Tag Manager, kontena ni sanduku linalobeba tagi zako zote. Kila kontena lina nambari yake inayoanza na herufi GTM, kama vile makontena ya Kilindini yanavyokuwa na nambari ubavuni. Kwa kawaida tovuti moja hupewa kontena moja.

Ndani ya kontena kuna vitu vitatu.

Cha kwanza ni tagi yenyewe, yaani mzigo: kazi inayotakiwa kufanywa.

Cha pili ni kichochezi, yaani amri ya wakati gani mzigo utoke. Ukurasa ukifunguka, mtu akibonyeza kiungo, akituma fomu, akishuka hadi nusu ya ukurasa, akicheza video. Tagi isiyo na kichochezi haifanyi chochote. Na kichochezi kinaweza pia kutumika kuzuia tagi isitoke mahali fulani.

Cha tatu ni kigeu, yaani habari inayobadilika kila mara: anwani ya ukurasa, maandishi ya kitufe kilichobonyezwa, bei ya bidhaa. Vigeu vingi vya kawaida vimeshatengenezwa, wewe unaviwasha tu.

Ukishika haya matatu umeushika mfumo mzima: tagi yajibu "nini", kichochezi chajibu "lini", kigeu chajibu "kwa habari gani".

Kuanza

Fungua akaunti kwa jina la biashara au kikundi, si kwa jina la fundi. Hili nitalirudia chini. Kisha tengeneza kontena na uchague aina: tovuti, programu ya simu ya Android, programu ya iOS, kurasa za AMP, au seva.

Ukichagua tovuti utapewa vipande viwili vya msimbo. Cha kwanza kinakaa juu kabisa iwezekanavyo katika sehemu ya kichwa cha ukurasa, kile kinachoandikwa head. Cha pili kinakaa mara tu baada ya kufunguliwa kwa body. Viwekwe kwenye kila ukurasa wa tovuti. Kama unatumia WordPress, kuna viongezi vya kukufanyia hivyo kwa kuandika nambari ya kontena tu. Usiweke kwa njia mbili kwa pamoja, na kama tovuti ilikuwa na tagi ya takwimu iliyobandikwa kwa mkono, iondoe kabla ya kuiweka kwenye kontena. La sivyo kila mgeni atahesabiwa mara mbili, na wewe utafurahia biashara ambayo haipo.

Mfano wa kwetu: WhatsApp na M-Pesa

Vitabu vingi vya mambo haya vinatoa mfano wa duka la mtandaoni lenye kikapu na kadi ya benki. Hapa kwetu, mwenye nyumba ya wageni Lamu au muuza mabaibui Mombasa anauza kwa WhatsApp. Mteja anaangalia picha kwenye tovuti, anabonyeza kitufe, mazungumzo yanaendelea kwenye simu. Ukihesabu kurasa tu, hutajua lolote la maana.

Fanya hivi. Viungo vya WhatsApp kwa kawaida huwa na maneno wa.me ndani ya anwani yake. Washa kigeu cha anwani ya kiungo kilichobonyezwa. Tengeneza kichochezi cha aina ya kubonyeza viungo, ukiweka sharti kwamba anwani iwe na wa.me ndani yake. Halafu tengeneza tagi ya Google Analytics inayorekodi tukio, ulipe jina kama "bonyeza_whatsapp", na uifunge kwa kichochezi kile. Viungo vya kupiga simu huanza na tel na nukta mbili, kwa hiyo kichochezi chake kinatengenezwa vivyo hivyo. Kwa kazi ya nusu saa utajua ni ukurasa gani unaoleta wateja na upi unapendeza tu macho.

M-Pesa ina mtego wake. Mteja akibonyeza "Lipa" kwenye tovuti, ombi la PIN linatokea kwenye simu yake. Anaweza kuweka PIN, anaweza kughairi, anaweza kukuta salio halitoshi. Ukifunga tagi ya mauzo kwenye kitufe cha "Lipa", utakuwa unahesabu nia za watu, si pesa zilizoingia. Mauzo ya kweli yahesabiwe baada ya seva yako kupokea uthibitisho wa malipo na kuonyesha ukurasa wa risiti.

Hapo ndipo panapoingia tabaka la data, ambalo kwenye msimbo huitwa dataLayer. Ni kama daftari la makabidhiano kati ya tovuti na kontena. Mtengenezaji wa tovuti anaandika humo: malipo yamethibitishwa, kiasi ni hiki, bidhaa ni hii. Kontena linasoma daftari na kutoa tagi inayofaa. Njia hii ni imara kuliko kutegemea rangi au maandishi ya kitufe, kwa sababu ukibadilisha sura ya tovuti kesho, daftari linabaki vile vile.

Hakiki kabla ya kuchapisha

Hakuna unachobadilisha kwenye kontena kinachowafikia wageni mpaka uchapishe. Kabla ya hapo bonyeza kitufe kilichoandikwa Preview. Tovuti yako itafunguka pamoja na ukurasa wa kando unaoonyesha, hatua kwa hatua, ni tagi gani zimetoka, zipi hazikutoka, na kila kigeu kilibeba nini.

Naomba usome neno hilo la mwisho mara mbili. Mimi niliangalia kama tagi zimetoka, nikaona zimetoka, nikafurahi. Sikuangalia zimebeba nini. Lau ningelijaza fomu yangu mwenyewe kwa jina la uongo na kutazama kigeu cha anwani ya ukurasa, ningeliliona jina lile limelala pale waziwazi.

Kila unapochapisha, mfumo unahifadhi toleo jipya na kuweka kumbukumbu ya nani amechapisha na lini. Andika maelezo mafupi ya ulichobadilisha. Kikiharibika kitu, unaweza kurudisha toleo la zamani kwa dakika chache.

Programu za simu

Kwa programu za simu utaratibu unatofautiana kidogo. Kontena la Android au iOS hufanya kazi pamoja na Firebase. Mtengenezaji anaingiza maktaba zake ndani ya programu pamoja na nakala ya kontena ya kuanzia, na programu inaweza kuchukua toleo jipya la kontena baadaye kupitia intaneti. Faida yake ni kwamba unaweza kubadilisha baadhi ya vipimo bila kumlazimisha kila mtu apakue programu upya kutoka dukani. Lakini matukio mengi, kama kukamilisha oda, lazima yaandikwe na mtengenezaji ndani ya programu tangu mwanzo. Kontena haliwezi kusikia jambo ambalo programu haikulitamka.

Nani ameshika ufunguo?

Jamaa yangu mmoja ana nyumba ya wageni. Kijana aliyemtengenezea tovuti alifungua kontena kwa barua pepe yake binafsi, kisha akapata kazi Ghuba akaenda zake. Kijana hana ubaya, ila nambari aliibadilisha na ile barua pepe haijibiwi. Jamaa yangu hakuwa na la kufanya isipokuwa kuanza na kontena jipya na kumlipa fundi mwengine aliondoe lile la zamani kwenye tovuti.

Google Tag Manager ina ngazi za ruhusa. Kwenye akaunti kuna msimamizi na mtumiaji wa kawaida. Kwenye kontena kuna wa kusoma tu, wa kuhariri, wa kuidhinisha, na wa kuchapisha. Mwenye mali awe msimamizi, na wawe wasimamizi wawili wanaoaminika, akikosekana mmoja yuko wa pili. Fundi apewe ruhusa ya kuhariri, na akimaliza kazi aondolewe. Washeni uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe hizo.

Msidharau jambo hili. Mwenye ruhusa ya kuchapisha anaweza kuingiza msimbo wowote kwenye tovuti yako kupitia tagi ya HTML. Watafiti wa usalama wa mtandao wamewahi kuripoti wezi waliotumia makontena ya aina hii kuficha msimbo wa kuiba nambari za kadi za benki kwenye maduka ya mtandaoni. Mumpe ruhusa hiyo mtu mnayeweza kumpa ufunguo wa duka.

Sheria, na sitara

Katiba yetu ya 2010, katika ibara ya 31, inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ilikuja kuweka utaratibu, ikiwa chini ya Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Kwa ufupi, mtu aambiwe unakusanya nini na kwa ajili gani, ukusanye kile tu unachokihitaji, na uwe na msingi wa kisheria wa kukikusanya, kama vile ridhaa yake. Habari za afya na za familia, yakiwemo majina ya watoto, wazazi na wake au waume, zimewekwa katika kundi nyeti lenye masharti makali zaidi. Habari za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, kamishna ajulishwe ndani ya saa 72. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo.

Wenye hoteli za Diani na Watamu wanaouza vyumba moja kwa moja kwa wageni wa Ujerumani na Italia wakumbuke pia kanuni ya Umoja wa Ulaya, GDPR, iliyoanza kutumika 25 Mei 2018. Inaweza kuwagusa hata wakiwa huku.

Google Tag Manager ina mpango wa ridhaa kwa ajili ya haya. Unaweka hali ya mwanzo kuwa "hapana", mgeni anaulizwa, na akikubali ndipo tagi husika zinafunguliwa. Kuna kichochezi maalumu cha ridhaa kinachotangulia vichochezi vingine vyote, ili tagi isimtangulie mgeni kujibu. Lakini mfumo hauulizi wenyewe. Lazima uweke tangazo la kuuliza, na lazima ulipime kwa kukataa na kutazama kama kweli tagi zinanyamaza.

Sisi tulifanya nini? Nilibadilisha fomu itume majibu kwa njia ya POST, ambayo haiyaweki kwenye anwani. Niliondoa tagi zote kwenye ukurasa wa maombi, na zile mbili za matangazo nikaziondoa kabisa kwenye tovuti. Niliomba data ifutwe, kwani Google Analytics ina sehemu ya kuomba hivyo, na pia ina kichujio cha kuondoa barua pepe na vipande vya anwani unavyovitaja. Wenye tagi za matangazo niliwaandikia. Tukaripoti panapostahiki. Kisha mimi na mwenyekiti tukawapigia simu walioomba, mmoja mmoja, tukawaeleza na kuwaomba msamaha.

Mama mmoja alinisikiliza, akasema: "Mwanangu, hao wa ng'ambo hawanijui. Mimi naogopa wa hapa. Hapo kwenu ni nani anaifungua hiyo ripoti?"

Nilikwenda kuangalia. Watu sita wa kikundi chetu walikuwa na ruhusa ya kuiona, kwa sababu mimi niliwapa wote siku ya kwanza ili tushangilie idadi ya wageni pamoja. Wawili kati yao ni majirani zake.

Nilimwambia ukweli. Alikaa kimya, kisha akashukuru kwa kuambiwa, akakata simu. Hakuomba tena msaada kwetu, na sithubutu kumlaumu.

Kwa hiyo kabla hujalala leo, ndugu msomaji mwenye tovuti, fanya mambo matano. Ingia kwenye kontena lako uhesabu tagi zilizomo, na ile usiyoijua kazi yake isimamishe mpaka uijue, maana kila moja inakula pia bando la mgeni na kuchelewesha ukurasa. Soma orodha ya wenye ruhusa, kwenye kontena na kwenye ripoti. Jaza fomu yako kwa jina la uongo uone linakwenda wapi. Kataa ridhaa uone kama tagi zinatii. Na hakikisha akaunti iko kwa jina lenu.

Mzee wetu naye aliongeza la sita kwenye kikao kilichofuata: fomu isiulize ugonjwa. Mtu ataulizwa uso kwa uso, na mtu mmoja tu. Nimeshaliondoa swali hilo.

Wabillahi tawfiq.